Pengo la Saa Tisa

"Sikwambii tena," baba alikuwa akifoka. "Usifungue ukurasa mpya! Ukifungua ukurasa mpya, umekwisha."

"Lakini Mzee Wilf, huyu ninayemwigiza ni mwongo," Piers akajibu. "Anatunga maungamo. Ataandika wapi kama si kwenye ukurasa mtupu?"

"Mwongo gani huyo? Mwongo wa chekechea? Nyie watu wa London hata uongo mnataka mfundishwe."

Walikuwa wameshabishana robo saa nzima na kamera imesimama. Mimi nilikuwa mlangoni na sinia la chai, na chai inapoa. Nilitaka kusema, lakini hapo si jikoni kwangu.

Filamu yenyewe ilihusu wapelelezi waliooza wa miaka ya sabini, wale wa makoti ya ngozi na sigara, wanaopiga watu kwenye vyumba vya chini. Walikuwa wakiipiga katika kituo cha zamani cha polisi cha mtaa wa Garside, hapa kwetu Aldersyke, kilichofungwa miaka sita iliyopita. Baba alifanya kazi humo miaka ishirini na miwili, akastaafu akiwa sajini wa upelelezi. Mimi nina gari la chakula, na kampuni ya filamu iliniajiri kulisha watu wao. Waliponiuliza kama namjua mtu wa kuwaelekeza waigizaji namna polisi wa enzi hizo walivyofanya mambo yao, nikawaambia baba yangu yupo nyumbani anabishana na redio. Kwa hiyo ni mimi niliyemleta.

"Haya, nisikilizeni wote," baba akasema. Alichukua daftari dogo mkononi mwa Piers, akalipiga kwa kidole. "Daftari la mfukoni lina sheria zake. Kurasa zina namba, kwa hiyo huchani. Hufuti. Huachi mstari mtupu. Na saa zinakwenda mbele tu. Sasa wewe umemkamata mtu Jumanne, hajasema kitu. Ijumaa mkubwa wako anataka maungamo ya Jumanne. Utayaandika wapi, na Jumatano na Alhamisi zimeshajaa?"

Piers akakuna kichwa. "Sijui."

"Kwenye pengo! Mpelelezi mwenye akili zake anaacha nafasi katikati ya siku. Mistari kumi, kumi na miwili. Akiba. Ukiihitaji, unaitumia."

"Na sajini anayekagua?"

"Sajini anayekagua anakunywa na wewe, kijana. Miwani yake ameisahau nyumbani."

"Na usipoihitaji hiyo nafasi?"

"Unaandika, 'Doria, hakuna jambo.' Nusu ya doria za mji huu zilifanywa kwa kalamu."

Watu wakacheka mpaka fundi wa taa akalazimika kushuka kwenye ngazi. Mwongozaji akasema hiyo lazima iingie kwenye filamu, na baba akavimba kama mkate kwenye oveni. Nami nilicheka. Nasema hivyo kwa sababu ni kweli. Nilicheka, nikagawa chai, nikarudi kwenye gari kutazama mbaazi zangu.

Ndani ya gari Rita alikuwa akimenya viazi. Rita Gaunt anamenya viazi haraka kuliko mashine niliyoinunua na kuirudisha dukani. Nilimwajiri mwezi wa Mei. Siku ya kwanza alisimama mbele yangu na mkoba kifuani, akaniambia, "Najua wewe ni binti wa nani. Nataka kazi, na wewe unataka mikono. Mengine tuyaache." Tukayaacha.

Mengine yenyewe ni haya. Kaka yake, Lennie, yuko jela mwaka wa ishirini sasa. Mwaka 1978 mlinzi mzee wa ghala la sufu alipigwa na wezi, akafa. Baba ndiye aliyemkamata Lennie, na ni baba aliyesimama mahakamani akasoma kutoka kwenye daftari lake kwamba Lennie alikiri. Hapakuwa na damu, wala alama ya kidole, wala shahidi aliyemwona. Palikuwa na daftari. Lennie alisema hajawahi kutamka maneno yale, na mpaka leo anasema hivyo. Kosa lake ni hilo, maana bodi ya parole, ile inayoamua nani aachiliwe mapema, haimwachii mtu asiyekubali alichofanya. Angekubali, angetoka miaka saba iliyopita. Kila Jumamosi ya pili Rita anapanda mabasi mawili kwenda kumwona, na Jumatatu anarudi kazini hasemi kitu.

Baba akija kuchukua chai yake, Rita humgeuzia mgongo. Baba humwita "bibie" na kuuliza viazi vinaendeleaje. Hivyo ndivyo tulivyokuwa tukiishi tangu filamu ianze.

Siku ile, dakika chache kabla ya chakula cha mchana, Rita alitoka na ndoo kwenda kuwapelekea madereva supu yao. Msichana wa vifaa vya filamu, Meera, akaja dirishani. Alikuwa na daftari jeusi, kuukuu, limefungwa mpira.

"Mama, nisaidie. Mwandiko wa baba yako unanitoa machozi. Hapa ni 'alisema' au 'alisimama'?"

"Hilo ni la filamu?"

"La kwake, la kweli! Nilimwomba mfano wenye maungamo ndani, ili ninakili ukurasa mmoja. Kamera itausogelea karibu sana. Akaniletea hili jana. Aliniambia ndiyo kesi yake kubwa kuliko zote." Akaligeuza daftari kunielekea. "Kitu kimoja sikielewi. Tazama, juu herufi kubwa, chini herufi kubwa, lakini hapa katikati zimebanana kama watu kwenye lifti. Niandike hivyohivyo?"

Nilijifuta mikono nikasoma. Mwandiko wa baba naujua, umenisainia ripoti za shule.

Juu ya ukurasa: Jumanne, tarehe 14 Machi 1978. Saa nane na nusu mchana, kituo cha Garside, nilizungumza na Leonard Gaunt, hakujibu kitu. Halafu mistari iliyobanana. Saa tisa na dakika kumi, mbele yangu, Gaunt alisema, "Basi yamekwisha. Ni mimi niliyempiga yule mzee. Sikukusudia afe." Saa tisa na dakika arobaini, mahojiano yalifungwa. Kisha mwandiko unakuwa mkubwa tena, saa kumi na nusu, na habari za gari lililoibwa.

"Ni 'alisema'," nikamwambia Meera.

"Asante. Na herufi?"

"Liache hapa. Nitalitazama vizuri nikimaliza mbaazi."

"Nalihitaji saa nane, mama, usiniangushe."

Alipoondoka nililiweka daftari kwenye mfuko wa aproni. Sikuhitaji kulitazama tena. Juu ya birika la chai, tangu siku niliyonunua gari hili, nimebandika picha moja. Baba amemshika mwanangu Kerry, kichanga chekundu kama kamba wa kuchemshwa, na nyuma yao kuna kitanda changu cha hospitali. Kerry alizaliwa alfajiri ya Jumanne tarehe 14 Machi 1978.

Wodi ya wazazi siku zile ilikuwa na saa moja tu ya kutazama wagonjwa mchana, saa tisa hadi saa kumi, na walioruhusiwa ni akina baba wa watoto. Mababu na mabibi siku yao ilikuwa Jumapili. Kengele ikilia saa kumi, sista, yaani muuguzi mkuu wa wodi, alikufukuza hata kama umeshika mtoto. Baba hakuweza kungoja Jumapili. Alitoroka kazini, akaja na mume wangu, akamwonyesha sista kitambulisho cha upelelezi akasema amekuja kumhoji shahidi muhimu. Kisha akaingia moja kwa moja, akamchukua Kerry, na hakumtoa mikononi mpaka kengele ilipolia. Mume wangu akapiga picha.

Hadithi hiyo baba huisimulia kila siku ya kuzaliwa kwa Kerry, na kila mwaka sista anazidi kuwa mkali na mnene. Miaka ishirini tumeisikia juu ya keki. Tarehe ya maungamo ya Lennie sikuwahi kuijua; kesi iliposomwa mimi nilikuwa na mtoto mwenye msokoto wa tumbo na sikufungua gazeti miezi sita. Na watu wa Lennie walijua tarehe na saa, lakini nani angewaambia kwamba sajini alikuwa amekaa kwenye kiti cha wodi akimwimbia mjukuu wake?

Niliibandua picha. Nyuma yake, kwa mwandiko uleule: "Kerry, siku yake ya kwanza. 14/3/78. Babu."

Baba akapanda ngazi za gari. "Pai langu liko wapi? Leo nimefanya kazi ya watu watatu. Yule kijana anashika kalamu kama anayekula wali."

"Funga mlango, baba."

"Kuna nini? Umeunguza?"

"Funga mlango."

Akafunga. Nilimpa sahani yake, pai na mbaazi, kwa sababu nilikuwa nimeshaipakua.

"Tarehe 14 Machi, mwaka aliozaliwa Kerry," nikasema. "Ulikuwa wapi saa tisa na dakika kumi alasiri?"

"Swali gani hilo? Nilikuwa hospitali. Si unajua? Yule sista akaniambia, 'Bwana, hata ukiwa mkuu wa...'"

Uma ulikuwa njiani kwenda mdomoni, ukabaki hapohapo. Niliona kabisa kwamba alikuwa hajawahi kuyaweka mambo hayo mawili pamoja. Kwake hospitali ilikuwa hadithi ya nyumbani na daftari lilikuwa la kazini.

"Meera kakuonyesha daftari," akasema.

"Ulimletea mwenyewe. Ulitaka kuringa."

"Hilo pengo..." Akaiweka sahani juu ya meza. "Nilitoka kituoni bila ruhusa. Ilibidi niache nafasi, nitafute cha kuandika baadaye. Wiki ile ikaenda mbio. Ijumaa mkubwa akaniuliza, una kitu chochote cha Jumanne? Na nafasi ilikuwepo, Hilary. Ilikuwepo tu."

"Ukaijaza."

"Alikuwa ni yeye! Wote tulijua ni yeye. Yule kijana alikuwa mwizi tangu ana miaka kumi na minne."

"Mwizi wa redio za magari."

"Na mlinzi je? Naye alikuwa na wajukuu. Mbona humsikitikii?"

"Namsikitikia sana. Aliyemwua mlimwacha aende zake, kwa sababu mlishaacha kutafuta."

Akakaa kwenye gunia la vitunguu. Ana miaka sabini na mitatu, na magoti yake si mazuri. Nje foleni ilikuwa imeanza. Mtu mmoja akagonga dirisha akauliza kama tumelala.

"Bado!" nikapaza sauti.

"Sasa sikiliza, mwanangu," baba akasema, na sauti ikawa ile aliyoitumia nilipokuwa na homa. "Nipe hilo daftari. Nitamwambia Meera nimepoteza. Nitalitia motoni leo, na habari imekwisha. Maneno ya nini?"

"Kwa nini hukulichoma miaka yote hii?"

Nilijua kwa nini. Ndiyo kesi yake kubwa kuliko zote.

"Ni langu," akasema, akanyoosha mkono kama anayeomba chumvi.

"Si lako. Lilikuwa mali ya kituo. Nakumbuka ulikuja nyumbani ukamwambia mama umelitangaza limepotea, mkacheka. Mnajua kucheka sana, nyie watu."

"Unataka kunipeleka jela? Mimi? Umri huu?"

"Lennie aliingia ana miaka ishirini na minne. Ana arobaini na minne."

"Na Kerry je? Umemfikiria Kerry? Siku yake ya kuzaliwa iandikwe magazetini, mahakamani, kila mtu aijue?"

Hapo alinigusa, nakiri. Kerry yuko chuo, anasomea unesi, anampenda babu yake kuliko anavyonipenda mimi, kwa sababu babu humpa pipi na mimi humpa ratiba. Nilimwaza sekunde kadhaa. Nilifikiri nikimtetea baba leo, mwezi wa Machi nitakata keki na nitaisikiliza tena hadithi ya sista, na nitamtazama Rita Jumatatu akimenya viazi.

"Kerry atajua babu yake alikuwa wapi siku ile," nikasema. "Alikuwa amembeba. Hilo ndilo jambo pekee la kweli ulilofanya Jumanne ile, baba, na utalisema."

"Sitasema kitu."

"Basi nitasema mimi. Nilikuwepo. Nilikuwa na nyuzi sita na nilikuwa macho kabisa."

Rita akagonga mlango kwa mguu, mikono imejaa ndoo tupu. Nikafungua. Alimwona baba kwenye gunia, akageuza mgongo kama kawaida yake, akaanza kunawa.

"Foleni imefika langoni, bosi," akaniambia. "Piers anasema asipokula sasa atawala watu wa sauti."

"Rita, wakili wa Lennie ofisi yake iko wapi?"

Akafunga bomba taratibu. "Threlfall? Mtaa wa Cloth Hall, juu ya duka la viatu. Kwa nini?"

"Yupo leo?"

"Yupo mpaka saa tisa. Kwa nini, Hilary?"

"Vaa koti. Baba, shuka."

"Hilary."

"Shuka, baba. Chukua pai lako. Utahitaji kula."

Alishuka. Ngazi tatu, mkono mmoja ukutani na mwingine umeshika sahani, na hakugeuka. Nilifungua dirisha la kugawia. Watu ishirini na kitu, wanne kati yao wamevaa sare za polisi za uongo zenye vifungo vya uongo, walikuwa wamesimama na trei zao.

"Chakula kipo kwenye masufuria, naacha yote hapa chini kwenye meza," nikawaambia. "Jipakulieni. Mbaazi ni kijiko kimoja kimoja, nawaona nyie. Meera! Daftari naondoka nalo. Halirudi."

"Mama! Nina picha ya saa nane!"

"Umeshanakili ukurasa?"

"Nimenakili kwa penseli tu, lakini..."

"Basi tumia nakala. Na hizo herufi zilizobanana, zibane."

Tulishusha masufuria mimi na Rita, nikazima gesi, nikakunja turubai, nikawasha gari. Tulipopita langoni, baba alikuwa amesimama kando ya gari la taa, sahani mkononi, bila kula. Mwongozaji alikuwa akimwuliza kitu na yeye hasikii.

Vikombe viligongana nyuma mpaka barabara kuu. Nikamweleza Rita wakati tukingoja taa nyekundu, kwa kifupi, kwa sababu sijui kueleza kwa urefu. Tarehe. Wodi. Kengele ya saa kumi. Picha. Nafasi iliyoachwa.

Hakupiga kelele. Alitazama mbele kwenye kioo.

"Saa tisa na dakika kumi," akasema. "Nilikuwa mahakamani aliposoma. Alisoma vizuri sana, kama mtangazaji."

"Ndiyo."

"Lennie alisema sajini alipotoka alibaki peke yake chumbani mchana wote. Akasema hakuna aliyeingia, hata maji hakupewa. Wakili wa mashtaka akamcheka." Taa ikawa kijani, nikaondoka. Kisha akaniuliza, "Umezima gesi?"

"Nimezima."

"Ya nyuma pia?"

"Na ya nyuma."

Hapakuwa na mahali pa kuegesha gari kubwa namna ile mtaa wa Cloth Hall, nikaegesha pasiporuhusiwa, mbele ya duka la viatu, magurudumu mawili juu ya njia ya watu. Mwenye duka akatoka kunifokea. Nilimwambia anaweza kunifokea nikishuka. Tulipanda ngazi. Bwana Threlfall alikuwa akila mkate na jibini juu ya mafaili yake, mwanamume mwembamba mwenye tai yenye doa, akasimama haraka alipomwona Rita, maana haikuwa siku ya miadi yao.

Nililiweka daftari mbele yake, nikalifungua kwenye ukurasa wenyewe. Kando yake nikaiweka picha, uso chini, mwandiko wa baba juu. Nikamwambia mimi ni nani, binti wa nani, na nilikuwa wapi tarehe ile.

Alisoma. Akaigeuza picha, akamtazama baba yangu na kichanga, akaigeuza tena. Alisoma ukurasa mara ya pili, kidole chini ya kila mstari, na kilipofika kwenye herufi zilizobanana kikapunguza mwendo.

"Mume wako atathibitisha?"

"Tumeachana, lakini si mwongo. Yuko Doncaster. Simu yake hii hapa."

"Bi Barraclough, unaelewa haya yatamfanya nini baba yako?"

"Naelewa."

"Unaweza kwenda nyumbani, ufikirie, urudi kesho."

"Kesho nina watu arobaini wa kuwapikia kifungua kinywa," nikasema. "Nipe karatasi."

Akanipa karatasi na kalamu. Rita akasogeza mkate na jibini kando ili nipate pa kuweka mkono. Nikaandika jina langu kamili, anwani, na tarehe. Kisha nikaanza: Siku ya Jumanne, tarehe 14 Machi 1978, kuanzia saa tisa kamili alasiri hadi saa kumi kengele ilipolia, baba yangu, Sajini Wilfred Oldroyd, alikuwa nami hospitalini. Niliandika yote, mpaka rangi ya koti alilovaa. Nilipomaliza nikatia sahihi, na Bwana Threlfall akatia yake chini ya yangu, akaandika na saa.